Tiketi za mkono wa pili: Fedha zisiitangulie tiketi

Biashara ya kuuza upya tiketi za mpira na muziki, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya vijana wanaozunguka malangoni na bahasha mfukoni, sasa ni soko kamili lenye madalali wake, kesi zake na hata hisa zake. Septemba 2025 kampuni ya StubHub ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa kazi hiyo hiyo ya kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi wa tiketi, iliingia katika Soko la Hisa la New York kwa bei ya dola 23.50 kwa hisa. Siku ya kwanza hisa hiyo ilifunga chini ya bei hiyo.

Kukua kwa soko hakujaondoa hatari ya zamani. Mtu analipa, anasafiri, anafika langoni, na mashine inaikataa tiketi yake. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mnunuzi na muuzaji huenda wasionane kabisa, na fedha huhama kwa simu katika muda usiozidi dakika moja.

Kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wa Afrika Mashariki suala hili linazidi kusogea nyumbani. Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Popote panapokuwa na viti vichache na watu wengi, walanguzi hufika kabla ya timu.

Kanuni inayomlinda mnunuzi ni ile ile inayomlinda mnunuzi wa kiwanja au gari kuukuu: fedha zisifike mkononi mwa muuzaji kabla mali haijahamia kwa jina la mnunuzi. Mengine yote, kuanzia bei hadi dhamana, hupimwa kwa kanuni hiyo.

TIKETI NI DAFTARI, SI KARATASI

Zamani tiketi ilikuwa karatasi, na aliyeishika ndiye aliyekuwa mwenye mali. Leo tiketi kubwa nyingi ni haki iliyoandikwa katika daftari la kompyuta la mwandaaji. Karatasi iliyochapishwa au picha iliyotumwa kwa simu ni kivuli cha haki hiyo tu. Wahenga walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika soko hili, jina lisilokuwamo daftarini halina kiti uwanjani.

Mfano ni mfumo uliotangazwa na kampuni ya Ticketmaster mwaka 2019, ambapo bakodi ya tiketi iliyomo kwenye simu hubadilika kila baada ya sekunde chache. Aliyeuziwa picha ya skrini ya tiketi hiyo amenunua picha. Hata pale bakodi isipobadilika, nakala moja ya tiketi inaweza kuuzwa kwa watu kumi. Wa kwanza kufika ataingia na tisa watabaki nje, kila mmoja akiapa kwamba tiketi yake ni halali.

Hatari ya tiketi bandia haiishii kwenye mfuko wa mtu mmoja. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya iliyochezwa Paris Mei 28, 2022 kati ya Liverpool na Real Madrid, UEFA ilihesabu tiketi bandia 2,589 zilizofikishwa malangoni. Uchunguzi huru uliotolewa Februari 2023 uliitwisha UEFA yenyewe lawama kubwa kwa vurugu za siku hiyo, lakini hesabu hiyo inaonyesha ni watu wangapi wanaweza kufika katika mechi moja wakiwa na kitu kisicho na thamani.

Afrika Mashariki nayo imeshaingia katika utaratibu wa daftari. Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, wenye viti 60,000, umekuwa ukitumia kadi ya N-Card langoni. Nairobi, Agosti 2025, baada ya vurugu za watazamaji katika michuano ya CHAN, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliweka kikomo cha watazamaji 27,000 kwa mechi ya Kenya katika uwanja wa Kasarani na kuagiza zitumike tiketi za kielektroniki pekee. Katika mifumo ya namna hii, mtu anayeuza karatasi barabarani anapaswa kuulizwa swali moja: anaihamisha vipi tiketi hiyo kwenda kwenye namba ya mnunuzi? Asiyekuwa na jibu hana tiketi.

BEI INATOKA WAPI

Mlanguzi huishi kwenye pengo kati ya bei ya dirishani na bei ambayo watu wako tayari kulipa. Viti haviongezeki, lakini wanaovitaka huongezeka.

Pengo hilo lilionekana wazi Novemba 15, 2022, siku ya mauzo ya awali ya ziara ya mwanamuziki Taylor Swift nchini Marekani. Kwa mujibu wa Ticketmaster, watu milioni 3.5 walikuwa wamejiandikisha mapema, na siku hiyo tiketi zaidi ya milioni 2 ziliuzwa. Mitambo ilielemewa, na mauzo ya wazi yaliyopangwa kufanyika siku tatu baadaye yakafutwa. Januari 2023 suala hilo lilifikishwa mbele ya kamati ya Seneti.

Sehemu ya msongamano wa aina hiyo hutokana na programu za kompyuta zinazonunua tiketi kwa wingi kabla binadamu hajamaliza kuandika jina lake. Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia programu hizo Desemba 2016. Kesi za kwanza chini ya sheria hiyo zilikuja Januari 2021 dhidi ya madalali watatu wa New York. Adhabu ya dola milioni 31 ilitangazwa, lakini kutokana na uwezo wao wa kulipa ilipunguzwa hadi dola milioni 3.7.

Waandaaji nao wameanza kulichukua pengo hilo wenyewe. Agosti 31, 2024, tiketi za ziara ya bendi ya Oasis zilipoanza kuuzwa Uingereza, baadhi ya wanunuzi waliosubiri foleni kwa saa nyingi walikuta tiketi ya kusimama imepanda kutoka pauni 148.50 hadi pauni 355. Hiyo haikuwa bei ya mlanguzi. Ilikuwa bei ya dirishani. Mnunuzi wa mkono wa pili asidhani kila bei kubwa ni ya magendo, wala kila bei ya dirishani ni ndogo.

Tofauti na mahindi au simenti, tiketi ni bidhaa inayooza kwa saa maalumu. Mpira ukishaanza, kiti kitupu hakiuziki. Kwa sababu hiyo, katika mechi za kawaida wauzaji wengi hushusha bei siku za mwisho, na mwenye subira anaweza kununua kwa nafuu. Katika fainali na matamasha makubwa mambo yanaweza kwenda kinyume. Jambo la kukumbuka ni kwamba bei iliyobandikwa ni bei ya matumaini ya muuzaji. Bei ya soko ni ile ambayo mtu ameilipa.

ADA ZINAZOFICHIKA

Kosa la kawaida la mnunuzi ni kulinganisha bei mbili bila kuangalia ada. Katika soko lake la kuuza upya tiketi za Kombe la Dunia la 2026, FIFA iliweka ada ya asilimia 15 kwa mnunuzi na asilimia 15 nyingine kwa muuzaji. Tiketi iliyowekwa kwa dola 200 ilimgharimu mnunuzi dola 230, na muuzaji akapata dola 170. Dola 60 zilibaki kwa mwenye soko, ambaye hakupoteza kiti wala kusimama juani.

Hesabu hiyo ina somo kwa anayetaka kununua tiketi ili aziuze. Aliyeinunua dirishani kwa dola 200 anapaswa kuiweka sokoni kwa dola 235.29 ili tu arudishe mtaji wake, na mnunuzi wake atalipa dola 270.59. Kwa maneno mengine, sharti ipatikane pesa inayozidi bei ya dirishani kwa asilimia 35 ndipo mwekezaji aanze kuhesabu senti ya kwanza ya faida.

Nchini Marekani, tangu Mei 12, 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu inawataka wauzaji wa tiketi kuonyesha bei kamili pamoja na ada za lazima tangu mwanzo. Mahali pengine mnunuzi anapaswa kufika hadi ukurasa wa mwisho kabla ya malipo, aandike jumla, ndipo alinganishe.

KUUZA KISICHOKUWAPO

Wafanyabiashara wa Kagera wanaujua mtindo wa butura, ambapo kahawa huuzwa ingali mtini. Katika soko la tiketi nako wapo wanaouza kisichokuwapo. Mlanguzi hutangaza tiketi ambayo hajainunua, hupokea oda kwa bei ya juu, kisha huingia sokoni kuitafuta kwa bei ya chini. Bei ikishuka, amepata faida. Bei ikipanda, humwacha mnunuzi njiani na kuomba radhi.

Februari 2020 mahakama ya Leeds nchini Uingereza iliwafunga walanguzi wawili kwa biashara ya udanganyifu, mmoja miaka 4 na mwingine miezi 30. Walikuwa wakitumia majina mengi kununua tiketi kwa wingi, na pia wakiuza tiketi ambazo hawakuwa nazo.

Dalili ya mtindo huo ni tangazo lisilotaja safu wala namba ya kiti, au tangazo linalotoka kabla tiketi zenyewe hazijaanza kuuzwa dirishani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 ya haki za walaji inamtaka anayeuza upya ataje mahali kiti kilipo, bei ya awali ya tiketi na masharti yoyote yanayoifunga. Hata mahali ambapo sheria hiyo haifiki, mnunuzi anaweza kuyadai mambo hayo matatu. Muuzaji wa kweli anayo majibu kwa sababu yameandikwa kwenye tiketi yake.

DHAMANA INA MIPAKA YAKE

Masoko makubwa hutoa dhamana: tiketi ikikataliwa, mnunuzi atatafutiwa nyingine au atarejeshewa fedha. Hiyo ni faida ya kweli, na ndiyo sababu ya kulipa ada. Lakini mnunuzi aisome dhamana kama anavyosoma mkataba wa bima. Kwa kawaida inahusu bei ya tiketi, na nauli na hoteli hazimo. Aliyeruka kutoka Dar es Salaam au Muscat hadi London kwa ajili ya mechi moja akirudishiwa bei ya tiketi tu, bado amepata hasara.

Hali kadhalika, dhamana ina nguvu sawa na mfuko wa mwenye kuitoa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja, StubHub iliacha kurejesha fedha taslimu kwa wanunuzi wengi wa Marekani ambao matukio yao yalifutwa, ikawapa badala yake hati ya manunuzi yenye thamani ya asilimia 120 ya walicholipa. Serikali za majimbo ziliingilia kati, na Septemba 2021 yakatangazwa makubaliano na majimbo 10 pamoja na Wilaya ya Columbia kuhusu kurejesha fedha hizo.

Kuahirishwa ni jambo jingine. Tukio lililofutwa na tukio lililoahirishwa si kitu kimoja: katika masharti ya masoko mengi, tukio likiahirishwa tiketi huendelea kuwa halali kwa tarehe mpya na fedha hazirudi. Mashabiki wa Tanzania wanakumbuka Machi 8, 2025, mechi ya Yanga na Simba ilipoahirishwa siku ile ile iliyotarajiwa kuchezwa, wakati watu walikwisha safiri. Ilichezwa Juni 25. Aliyenunua tiketi dirishani katika hali kama hiyo anajua wa kumwuliza. Aliyenunua kwa mtu wa njiani anabaki na namba ya simu isiyopokelewa.

TIKETI HALALI INAWEZA KUKATALIWA

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba tiketi isiyo bandia inaweza kukataliwa langoni, kwa sababu imeuzwa kinyume cha sheria au kinyume cha masharti ya mwandaaji.

Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1994 inafanya kuuza tiketi za mechi za soka bila kibali kuwa kosa la jinai, bila kujali bei. Sababu yake ni usalama: tiketi zikiuzwa ovyo, mashabiki wa timu hasimu hukaa pamoja. Kwa matamasha ya muziki sheria ilikuwa tofauti, na ndiyo maana Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kupiga marufuku kuuza upya kwa bei inayozidi ile ya awali. Ireland ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2021, inayohusu kumbi na viwanja vinavyochukua watu 1,000 au zaidi. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake.

Mwandaaji naye ana kisu chake. Waandaaji wa ziara ya Oasis walitaja njia mbili tu za kuuza upya, kwa bei ya awali. Oktoba 2024 walisema wangezifuta tiketi zipatazo 50,000 zilizouzwa nje ya njia hizo. Aliyenunua mojawapo kwa bei ya kuruka alikuwa na tiketi ya kweli, lakini jina lake halikuwamo daftarini.

HATUA ZA MNUNUZI

Kutokana na hayo, mnunuzi mwangalifu hufuata mpangilio huu.

Kwanza, aanze dirishani. Waandaaji mara nyingi hurudisha sokoni viti vilivyokuwa vimezuiwa, na wengi wana soko lao rasmi la kubadilishana tiketi. Hapo ndipo jina hubadilika katika daftari lenyewe.

Pili, asome kama tiketi inaruhusiwa kuhamishwa, kuanzia tarehe gani na kwa njia ipi. Tiketi isiyohamishika haifai kununuliwa hata kwa nusu bei.

Tatu, adai safu, kiti na bei ya awali, kisha alinganishe na ramani ya uwanja. Safu isiyokuwapo kwenye ramani haipo.

Nne, alipe kwa njia inayoweza kurudi nyuma. Malipo ya kadi ya benki ya mkopo yanaweza kupingwa kupitia benki iliyotoa kadi. Fedha zilizotumwa kwa mtu binafsi kwa simu ni kama fedha taslimu: mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha ni kazi ngumu. Kishika uchumba kwa muuzaji asiyefahamika nacho ni fedha zilizotangulia, hata kiwe kidogo kiasi gani.

Tano, ikibidi kununua kwa mtu anayefahamika, wakutane, tiketi ihamishwe wakiwa pamoja, mnunuzi aione kwenye akaunti yake, na malipo yafanyike papo hapo. Kama hawawezi kukutana, fedha ziwekwe amana kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na wote wawili. Muuzaji mwaminifu naye anahitaji ulinzi huo, kwani wapo wanunuzi wanaopokea tiketi na kutoweka.

Sita, asitangaze picha ya tiketi yake yenye bakodi kwa marafiki kabla ya mechi. Anayeichukua picha hiyo anaweza kuwahi langoni.

Saba, muuzaji akiharakisha, akidai kuna mteja mwingine njiani na kutaka mazungumzo yatoke nje ya soko rasmi ili "kuokoa ada", mnunuzi aondoke. Ada hiyo ndiyo inayolipia dhamana. Anayeikwepa ananunua mbuzi kwenye gunia.

KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Wanaoiangalia biashara hii kama uwekezaji wapime mambo manne kabla ya kutoa mtaji: ada za pande mbili, siku ya kuoza kwa bidhaa, hatari ya kufutiwa tiketi na mwandaaji, na sheria ya nchi. Jamaa anayenunua tiketi 20 za fainali akitumaini kupata mara mbili anashindana na madalali wenye mitambo na mitaji mikubwa, na kikwazo kimoja cha kisheria kinaweza kumwachia bidhaa yote mkononi. Mwenye duka anaweza kukaa na sukari iliyododa hadi mwezi ujao. Mwenye tiketi hana mwezi ujao.

Kwa mtazamaji wa kawaida hesabu ni fupi zaidi. Apange kiwango chake cha juu, ada zikiwemo, na asikivuke. Fedha zikae upande wake au kwa msimamizi hadi jina lake lionekane daftarini. Bei ikizidi kiwango hicho, au muuzaji akikataa utaratibu huo, mechi itaonyeshwa kwenye televisheni na mtaji utabaki nyumbani.